Jiwe Ambalo Sikulikwaruza

Kambini, shamba la miwati,
Njombe.
Jumapili, baada ya ibada.

Kwa dada yangu mpendwa Tabita,

Dada, kabla ya salamu nakuambia neno moja, maana najua habari zinavyotembea na wachuuzi: Lameki yu hai. Kama kuna mtu amefika huko Bulongwa akakuambia mumeo amekufa, hakuona kwa macho yake. Yu hai, anakula, na jana ametembea mwenyewe mpaka nje ya wodi akaota jua. Basi kaa chini, ndipo uendelee kusoma.

Sasa nakusalimu. Hujambo wewe na watoto wote watatu? Baba anaendeleaje na kifua chake katika baridi hii? Ngano imeshatoka ardhini au baridi imeiunguza tena kama mwaka ule? Hapa Njombe asubuhi majani yanakuwa meupe kabisa, ukiyakanyaga yanalia. Mimi mwilini ni mzima. Moyoni sivyo, na ndiyo sababu ya barua hii.

Umezoea kupokea barua zenye mwandiko wa Lameki, ule mzuri wa mstari ulionyooka. Safari hii unaona mikwaruzo yangu kwa sababu Lameki amefungwa kitambaa usoni na mganga hajamruhusu kusoma wala kuandika. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniagiza nikuandikie, na ameniagiza niandike yote. Nakuomba usimpe mwalimu akusomee mbele ya watu. Soma peke yako, hata kama itakuchukua siku mbili. Ukimaliza utaamua wewe ni nani aambiwe na nani asiambiwe.

Nianze na jiwe lenyewe. Lile jiwe laini tulilokuwa tukichonga ng'ombe wadogo tulipokuwa wadogo, ambalo Baba alitengenezea vichwa vya kiko, hapa watu wanaliita jiwe la sabuni, kwa kuwa ukilishika linateleza mkononi. Msumeno wa mbao unalikata. Nilipofika shambani hapa mara ya kwanza nilikuwa mmenya magome ya miwati kama wengine. Halafu baridi ikaingia, na kila jioni nikawasikia watumishi wa nyumba ya Bwana Meneja wakilalamika juu ya majiko ya chuma. Ukilitia jiko kuni, baada ya muda mfupi chuma kinakuwa chekundu, huwezi kukaribia. Kuni zikiisha, kabla hujamaliza kuvua viatu kimeshapoa kama sufuria iliyosahauliwa nje. Na katika nyumba moja sakafu ya mbao ilishika moto chini ya jiko.

Mimi nikasema, wekeni jiwe la sabuni. Mabamba mapana chini ya jiko ili sakafu isiungue, mengine yasimame kulizunguka kwa nje, na mengine ndani, pale moto unapokaa, ili yaumeze ule moto na chuma kisiteketee. Walicheka. Bwana Meneja akanipa jiko moja bovu nijaribu. Nililijenga kwa mabamba kumi na moja, nikaziba kwa udongo wa mfinyanzi, nikaacha likauke siku kumi, nikawasha moto mdogo, kesho yake mkubwa kidogo. Dada, kuni za saa mbili usiku ziliwapa joto mpaka kunakucha. Mke wa Bwana Meneja alikuja akaweka kiganja chake juu ya jiwe asubuhi, akakiacha hapo, akatabasamu kama mtoto.

Tangu siku hiyo nikaitwa fundi. Nilipenda kuitwa hivyo, sikufichi. Ndipo nilipokuja likizo nikakuomba nimchukue Lameki awe mwenzangu. Hukutaka. Ulisema pareto haijachumwa na mtoto mdogo bado hajaachishwa. Nikakubembeleza jioni nzima, na mwisho ukamfungia Lameki blanketi lake mwenyewe. Nakumbuka ulivyolikaza fundo.

Lameki ni mfanyakazi kuliko mimi, nalo ulijue. Jiwe tulilitoa kwenye kijito kimoja upande wa Ludewa, mbele ya Mawengi, mwendo wa siku mbili kwenda na siku mbili kurudi tukiwa na mzigo. Kila bamba yeye alilikwaruza kwa ncha ya msumari kabla ya kulibeba. Jiwe la kweli likikwaruzwa linaacha unga mweupe, msumari unaingia kama kwenye sabuni. Jiwe la uongo msumari unateleza tu, unaacha mstari wa chuma. Kulikuwa na mengine yanafanana kabisa kwa rangi, na yakilowa hata utelezi yanao. Lameki alikuwa akiyatupa. Nilikuwa nikimtania kwamba yeye si fundi, ni karani wa mawe. Na yeye husema, "Shemeji, jiko haliulizi wewe ni nani."

Mwezi uliopita tulikuwa na majiko mawili mkononi. La kwanza ni la nyumba ya wageni hapa shambani, kubwa, la chuma cha kutoka Ulaya. La pili liko Makambako, kwenye zahanati ndogo iliyo karibu na njia panda, chumba wanamojifungulia akina mama. Hilo ni pipa la mafuta alilolikata fundi chuma akalitia mlango na bomba la moshi, na Bwana Meneja alitutoa mimi na Lameki tukalijenge kama msaada. Tulianza na la Makambako, tukawa tunakwenda na kurudi na lori la magome.

Mawe hayakutosha. Yalipungua mabamba mawili, moja kwa kila jiko. Lameki akasema, "Nitakwenda mimi kijitoni. Siku nne nimerudi."

Lakini wageni wa Bwana Meneja walikuwa wanatoka Dar es Salaam, na nyapara alikuwa anakuja kila asubuhi kusimama juu yangu. "Fundi, jiko bado? Fundi, wageni walale na baridi?" Nikaona aibu. Nikaona jina langu la ufundi linapotea kwa mabamba mawili. Jioni moja Lameki akiwa anachuja udongo, nikashuka peke yangu mtoni hapa chini ya kambi. Nikakuta jiwe la kijivu limelala majini, pana, limelainishwa na maji. Nikalishika, likateleza. Nilikuwa na msumari mfukoni, dada. Nilikuwa nao. Sikuutoa, kwa sababu nilijua ungeniambia nini. Kulipasua kulinitoa jasho, tindo ilikuwa inaruka, na jiwe la sabuni halirushi tindo hata siku moja. Nilijua na hapo pia.

Nikatoa mabamba mawili. Rangi yake ilikuwa imezidi weusi kidogo kuliko ya mengine, kwa hiyo nikafikiri, nitayaweka ndani, pale moto unapokaa, masizi yatayafunika na hakuna atakayeona. Ndivyo nilivyofikiri. Niliyaficha mahali penye moto mwenyewe.

Lameki aliliona la kwanza nilipokuwa nalitia katika lile pipa la Makambako. Akaweka mkono juu yake.

"Shemeji, hili tulilitoa wapi?"

"Lilibaki katika yale ya zamani."

"Umelikwaruza?"

"Nimelikwaruza."

Aliniamini. Akachota udongo akaziba kingo. Tukaliacha likauke, tukamwambia mkunga asiwashe mpaka Jumamosi ya wiki itakayofuata. Tukarudi Njombe tukamaliza lile la nyumba ya wageni, na la pili nikalitia mwenyewe Lameki akiwa amekwenda kula.

La hapa halikukauka hata siku nne. Jumatatu wageni walikuwa njiani, nyapara akaamuru liwashwe. Lameki akapiga magoti mbele ya mlango wa jiko na kuwasha moto mdogo, kwa uangalifu, vijiti tu. Nyapara akasema, "Ongeza." Lameki akasema udongo bado una maji. Nyapara akachukua kuni mwenyewe akazisukuma ndani kwa mguu. Mimi nilikuwa dirishani napangusa kioo. Nilisikia mlio kama bunduki. Nilipogeuka, chumba kilikuwa kimejaa moshi na majivu, na Lameki amekaa sakafuni, mikono yote miwili usoni, hapigi kelele. Damu ilikuwa inapita kati ya vidole. Alisema tu, "Nimepigwa na nini? Nimepigwa na nini?"

Nilimbeba mgongoni mpaka kwenye lori, na lori likatupeleka hospitali. Mganga alimshughulikia tangu mchana mpaka jua likatua. Alipotoka akaniambia jicho la kushoto limekwenda, na la kulia hajui. Akafunga yote mawili. Kwa hiyo kwa siku nyingi Lameki alikuwa gizani, na ndiyo sababu hukupata barua. Nilikuwa nangoja kujua nikuandikie kwamba mumeo ana jicho moja au hana hata moja. Juzi mganga amesema la kulia litaona.

Sasa nakuja kwenye jambo linalonifanya kalamu iwe nzito.

Jumanne nyapara alimwambia Bwana Meneja kwamba Lameki alijaza kuni kwa pupa, moto ukazidi, ndiyo maana jiko likapasuka. Bwana Meneja akamwambia karani alifute jina la Lameki katika daftari la wafanyakazi kwa kosa la uzembe. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo mlangoni, kofia mkononi. Karani akaandika. Sikusema kitu. Jumatano vilevile sikusema. Nilikwenda kazini, nikamenya magome, nikala, nikalala. Nilijiambia kwamba nikisema jicho halitarudi. Nilijiambia kwamba nikifukuzwa ni nani atakayemlisha Lameki hospitalini. Yote yalikuwa maneno mazuri, dada, ukiyasikia ungesema nina akili. Na katika siku hizo mbili lile la Makambako sikulifikiria hata mara moja, au nililifikiria nikaligeuzia mgongo, sijui lipi ni kweli.

Alhamisi nilimpelekea uji. Mwuguzi alikuwa amemtoa kipande cha jiwe shavuni, kikubwa kama punje ya hindi, na Lameki alikiomba. Alikuwa nacho kiganjani. Nikamnywesha uji kwa kijiko. Alipomaliza akasema, "Nipe msumari wako."

"Wa nini?"

"Nipe."

Nikampa. Akakishika kipande kwa vidole viwili, akawa anakikwaruza kwa ncha ya msumari, taratibu, akiwa amefungwa macho yote mawili, ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza. Niliusikia ule mlio. Msumari ulikuwa unateleza. Akajaribu upande wa pili. Ukateleza. Akakiweka kipande juu ya blanketi, akanirudishia msumari wangu. Nikangoja anitukane.

Hakunitukana. Aliniuliza, "Na lile la Makambako?"

Nikasema, "Ni mwenzake."

"Bado limo katika jiko?"

"Limo. Mkono wa kushoto, karibu na mlango, pale ulipoziba."

"Leo ni siku gani?"

"Alhamisi."

"Basi unafanya nini hapa?" Na mara ya kwanza tangu aumie akapaza sauti, mpaka wagonjwa wengine wakageuka. "Unafanya nini hapa, Yesaya? Toka! Kimbia!"

Alikuwa hajawahi kuniita kwa jina. Siku zote ni shemeji.

Nikatoka. Lori la Makambako lilikuwa limeondoka tangu asubuhi. Nikashika barabara kwa miguu. Nilitembea mpaka giza likanizuia, nikaomba mahali pa kulala kwa Wabena fulani kando ya barabara, wakanipa viazi, sikuweza kumeza. Kabla ya mapambazuko nikaondoka. Malori mawili yalinipita; nililipungia mkono la kwanza, likapiga honi tu na kunitupia matope. La pili nililikimbilia mpaka pumzi ikakatika. Kulikuwa na ukungu na manyunyu, baridi inauma masikio, na kila nilipohisi baridi hiyo nilijua kwamba huko mbele kuna mkunga naye anaihisi, na jiko liko pale mbele yake limekauka, na kuni zipo.

Nilifika njia panda ya Makambako kama saa nane mchana, siku ya Ijumaa. Nikatazama juu ya paa la zahanati. Moshi ulikuwa unatoka bombani.

Sijui nilivyovuka ile barabara. Nilisukuma mlango bila kubisha. Ndani kulikuwa na joto zuri, dada, joto lililotulia. Akina mama wawili walikuwa wamekaa mkekani miguu imeelekea jiko, kila mmoja na mtoto wake kifuani, na mama mkwe wa mmoja wao anapika uji juu ya bamba la juu. Mkunga ni mwanamke mnene wa makamo anayeitwa Mama Elizabeti. Aliponiona akafurahi.

"Kamwene, fundi! Umekuja kuona kazi yako? Utusamehe, hatukungoja kesho. Huyu amejifungua alfajiri, mtoto alikuwa baridi kama chura. Tangu tumewasha amepata rangi. Jiko lako ni baraka."

Nikasema, "Watoeni watoto humu."

"Nini?"

"Watoeni sasa hivi. Jiko litapasuka."

Akacheka kidogo, halafu akaacha. "Fundi, nje kunanyesha. Unataka nimtoe mtoto aliyezaliwa leo nimpeleke kwenye manyunyu? Jiko lenyewe limewaka tangu asubuhi, halijafanya kitu. Umekunywa ulanzi?"

Hapo niliona kwamba hakuna neno dogo litakalotosha. Nikasema mbele yao wote: "Mama, nilidanganya. Ndani ya jiko hilo kuna jiwe ambalo si lenyewe. Nililiokota mtoni nikalificha humo ili nimalize kazi haraka. Mwenzake nililitia katika jiko la Njombe, na Jumatatu likapasuka likamtoa jicho shemeji yangu, yule mliyemwona hapa akichota udongo. Nilijua si jiwe jema. Nilijua nilipoliweka."

Yule mama mkwe aliangusha mwiko. Mama Elizabeti aligeuka akalitazama jiko. Kisha akauliza, polepole sana, "Liko upande gani?"

"Huu. Karibu na mlango."

Hakuuliza tena. Alimchukua mtoto wa alfajiri kwanza, akamfunika kwa kanga mbili na blanketi, akatoka naye kwa kupita ukutani, mbali na mlango wa jiko. Wengine wakamfuata, wakaenda jikoni kwa majirani. Yule mama wa pili alipopita mbele yangu alinitemea mate chini, karibu na mguu wangu. Sikumlaumu.

Nikabaki mimi na jiko. Nilishika ndoo ya maji, na tayari nimeiinua, nikakumbuka kwamba maji baridi juu ya jiwe la moto ndiyo yangelirusha lote usoni pangu. Nikaiweka. Nikalowesha gunia nikajifunika kichwa na kifua, nikakaa upande, nikafungua mlango wa jiko kwa ncha ya fimbo. Halafu nikatoa makaa kwa koleo, kidogo kidogo, nayatia katika ndoo ya bati. Mkono wangu ulikuwa unapita mbele ya lile jiwe kila mara. Nililisikia. Lilikuwa linalia ndani kwa ndani, tik, halafu kimya, halafu tik tik. Kila lilipolia nilifumba macho na kukumbuka uso wa Lameki. Sikuomba Mungu anisamehe, nilimwomba tu koleo lifike mwisho. Nilipomaliza kaa la mwisho niliufunga mlango, nikatambaa mpaka nje.

Jiko halikupasuka. Nakuandikia hivyo ili usifikiri nilifanya ushujaa. Kesho yake asubuhi, limepoa kabisa, niliingia na Mama Elizabeti akasimama nyuma yangu. Nilipogonga udongo kwa tindo na kulivuta bamba, lilitoka mikononi mwangu vipande vitatu, bapa kwa bapa, kama kitunguu. Lilikuwa limeshakufa ndani, lilishikiliwa na ule udongo alioupaka Lameki tu. Mama Elizabeti alichukua kipande kimoja akakigeuza geuza. Akasema, "Mwambie mume wa dada yako kwamba mikono yake imetushikilia."

Siku hiyo hiyo nilipata lori nikarudi Njombe, na moja kwa moja nikaenda ofisini. Nyapara alikuwepo, karani alikuwepo. Nikamwambia Bwana Meneja yote, tangu mtoni. Nikasema Lameki aliwasha vijiti tu, na aliyeongeza kuni ni mwingine, lakini hata kuni zingekuwa chache jiwe lingepasuka, maana jiwe nililitia mimi. Nyapara akatazama dirishani.

Bwana Meneja akawasha kiko chake. "Kwa nini unaniambia? Hakuna mtu amekuuliza."

Nikasema, "Lameki ameniuliza."

Bwana Meneja akamwambia karani alirudishe jina la Lameki, na aandike kwamba ameumia kazini. Nilingoja mpaka nikaona kalamu inaandika. Kisha akaniambia sitajenga jiko lingine katika shamba hili. Nimerudi kumenya magome. Vijana wapya hawajui kwamba niliwahi kuitwa fundi, na wanaojua hawasemi.

Niliomba ruhusa ya siku sita tu kwanza, nikapewa. Nilikwenda kijitoni peke yangu, nikaleta bamba moja mgongoni, nikalipeleka Makambako. Mama Elizabeti alinipokea mlangoni. Hakunipa nafasi ya kuingia, alinyoosha mkono akanipa msumari wake mwenyewe wa mlangoni, umepinda. "Likwaruze hapa, nione." Nikalikwaruza mbele yake. Unga mweupe ukamwangukia kwenye kidole cha mguu. Ndipo akapisha.

Niliporudi nilimsimulia Lameki. Alikuwa amelala chali. Akaniuliza, "Watoto walikuwa wangapi humo?"

"Wawili."

Kisha akasema, "Sijakusamehe, shemeji. Siku nikikusamehe nitakuambia, usiniulize-ulize. Mwandikie dada yako. Usipunguze kitu." Na baadaye akasema, "Ugali wa jana ulikuwa mbichi."

Ndivyo ilivyo, dada. Sikupunguza. Wewe ndiye uliyenilea Mama alipofariki, na mimi ndiye niliyekuja nikamchukua mumeo mzima. Sikuandikii ili uniambie si kitu. Ni kitu. Nimeomba ruhusa ya mwezi mmoja wakati wa kupalilia nije nilime sehemu ya Lameki na kukata kuni zenu za mwaka. Ukitaka nije, niletee neno kwa mchuuzi yeyote. Ukitaka nisikanyage uani kwako, nyamaza tu, nitaelewa, na nitamwomba kaka mkubwa aje badala yangu.

Msalimie Baba, na ikiwa kifua kinambana usimwambie haya mpaka kitulie. Msalimie kaka mkubwa na mkewe. Msalimie shangazi anayekaa kule ng'ambo ya kijito, umwambie soksi alizonifumia, Lameki ndiye anayezivaa sasa. Mchungaji mpe salamu zangu, na umwombe aniombee bila kumweleza kwa nini. Watoto wabusu wote, hasa yule mdogo aliyeachishwa bila baba yake kuwapo.

Lameki atatoka hospitali baada ya wiki mbili. Atapanda lori mpaka litakapoishia, na kutoka hapo atatembea na Wakinga wenzetu wanaorudi likizo. Nimewaomba wasimwache nyuma kwenye miteremko, kwa kuwa bado anapima vibaya umbali wa chini. Akifika, waambie watoto wasimkimbilie wote kwa pamoja. Na wewe mwendee kwa mkono wake wa kulia, useme kwanza kabla hujamgusa. Upande wa kushoto haoni, na akiguswa ghafla anaruka na kujifunika uso kwa mikono miwili. Mara ya kwanza aliyemgusa hivyo ni mimi.

Ni mimi mdogo wako, ninayengoja neno lako au kimya chako,

Yesaya